Marehemu Wawili na Birika la Chai

Siku Mzee Bendera alipomuua Jenerali, alikuwa amevaa kandambili na fulana iliyotoboka kwapani. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa amekaa kibarazani akisubiri chai, king'ora kikalia, naye akafanya alichofanya maisha yake yote kila king'ora kilipolia: aliingia ndani, akachukua bendera nyekundu nyuma ya mlango, akatoka kwenda kufunga barabara.

Treni haikuwapo. Reli yenyewe iling'olewa zamani, vyuma vikauzwa kwa kilo, na pale ilipokatiza barabara pakabaki tuta ambalo magari huliruka yakitukana. Lakini nyumba ya mlinda kivuko ilibaki, mlinda kivuko akabaki ndani yake, na kichwani mwake treni ya mchana ilikuwa bado inakuja. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo. Jina la binti yake lilikwenda, akawa anamwita nesi. Jina la mtaa likaenda. Kazi haikwenda.

King'ora hicho kilikuwa cha Operesheni Mwavuli, zoezi kubwa la kujikinga na bomu la nyuklia. Wakubwa walikuwa wamegombana na nchi jirani juu ya kilima kimoja kisichoota hata nyasi. Jirani akasemekana ana bomu, na sisi, ili tusionekane wanyonge, tukasema tunayo mawili. Kila nyumba ikapewa karatasi ya maelekezo. Bomu likilipuka, ilisema, usilitazame. Lala chini ya meza na ujifunike shuka jeupe. Wasio na meza watumie kitanda. Wasio na kitanda watumie busara.

Kanuni ya zoezi ilikuwa nyepesi. King'ora cha kwanza kikilia, watu waingie ndani. Cha pili kikilia, bomu limeanguka, na yeyote atakayekutwa nje amekufa. Wanajeshi waamuzi, wenye vitambaa vyeupe mkononi, walipita mitaani na mafungu ya kadi zenye kamba za kuvaa shingoni: kijani kwa aliyenusurika, njano kwa majeruhi, nyekundu kwa marehemu. Jenerali mwenyewe ndiye aliyeitunga kanuni hiyo, na alisisitiza redioni kwamba itatumika bila kujali cheo.

Basi msafara wa Jenerali ulikuwa ukikimbilia handaki lake la chini ya mlima, lenye kiyoyozi na jokofu, ulipomkuta mzee katikati ya barabara, kifua mbele, bendera juu, filimbi mdomoni. Dereva akafunga breki. Si rahisi kupita bendera nyekundu iliyoshikwa na mtu asiye na shaka.

"Mzee, toka njiani!" msaidizi wa Jenerali alipiga kelele.

"Treni inakuja."

"Treni gani? Huoni hili ni gari la nani?"

"Hata liwe la nani, mwanangu. Likigongwa linakuwa chuma chakavu."

Msaidizi alibishana mpaka akaishiwa maneno. Jenerali akateremka ili abishane mwenyewe, na ndipo king'ora cha pili kikalia, yeye amesimama pale pale, mguu mmoja juu ya tuta.

Kutoka kona ya duka akatokea koplo mmoja mwamuzi, kijana mrefu mwenye mwanya, amekumbatia kadi zake. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao wakiambiwa bila kujali cheo, wanaelewa bila kujali cheo. Alianza na mzee, kwa heshima ya umri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pole sana. Umefariki." Akamvika kadi nyekundu.

"Ahsante, mwanangu," Mzee Bendera akasema.

Kisha koplo akamgeukia Jenerali, akapiga saluti, akamvika na yeye. Jenerali akacheka. Akatazama huku na huku ili wenzake wacheke, wakacheka. Halafu akaacha kucheka, wakaacha.

*

Mkewe Mzee Bendera alikuwa jikoni akisubiri birika lichemke. Alimwona mumewe akiingia, akaikunja bendera, akairudisha nyuma ya mlango, akaenda kitandani akalala chali, mikono kifuani juu ya kadi.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimefariki."

"Pole. Chai utakunywa hapo au nje?"

"Mama, marehemu hanywi chai."

Mkewe hakulijali sana. Kuishi na mtu anayesahau kulikuwa kumemfundisha kutobishana. Kuna asubuhi mumewe alikuwa mkaguzi wa reli, kuna jioni alikuwa bwana harusi, na wote hao yeye aliwakaribisha na kuwapa kiti. Lakini chai ile ikapoa. Mkate ukakauka, vidonge vya presha vikabaki kwenye kisahani. Kesho yake mambo yakawa yale yale, na hapo akaanza kuogopa.

Wala mzee hakuwa mbishi, na hilo ndilo lililomtia mkewe uchungu. Alikuwa mpole kuliko siku zote. Kila aliposogezewa kikombe aliinua kiganja, vile alivyokuwa akiwainulia wanawake wenye ndoo kichwani pale kivukoni.

"Usivuke, mama. Njia imefungwa."

"Nakuletea chai tu."

"Najua. Lakini wewe uko upande ule."

Mkewe alijaribu kumvua kadi mzee akiwa amesinzia. Alilegeza fundo taratibu, akaivuta kamba, na kadi ikatoka. Mzee akapapasa kifua, akashtuka.

"Nani kaiondoa? Nani kaondoa bendera? Irudisheni! Watu watakufa!"

Mkewe akairudisha mbio mbio, akamshika mkono mpaka akatulia. Alijua hofu hiyo inatoka wapi. Enzi za ujana wao msaidizi mmoja mwenye haraka aliondoa bendera ambayo hakuiweka yeye. Alidhani mafundi wa reli wamekwisha kutoka njiani, kumbe bado. Mzee Bendera ndiye aliyewaokota. Alirudi nyumbani na viatu vyao, akavipanga kibarazani, akawa anajaribu kukipatia kila kimoja mwenzake, na havikulingana. Tangu hapo kanuni ya reli ilikaa moyoni mwake kama jina la mama yake: aliyeweka bendera nyekundu ndiye anayeiondoa, na si mwingine. Harusi yao alikuwa ameisahau. Hili hakulisahau.

"Nani alikuwekea?" mkewe akamwuliza.

"Koplo. Kijana mrefu, ana mwanya."

"Akija akaiondoa, utakula?"

"Akiiondoa mwenyewe, njia iko wazi."

Kinyozi wa jirani, mtu mwenye huruma, alisikia habari hizo akavaa koti la kijeshi alilonunua mtumbani, akaja amekaza shingo. Mzee alimtazama mdomoni, akamwambia kwa upole, "Wewe huna mwanya." Kinyozi akarudi kazini kwake amekunja koti kwapani. Ikabidi atafutwe koplo mwenyewe.

*

Binti yao alikuwa mwalimu wa chekechea, na watu wote walimwita Mwalimu, hata mama yake. Wiki ile kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto kujikinga na bomu chini ya vimeza vyao. Vimeza vilikuwa vidogo, miguu ikabaki nje, na mtoto mmoja akamwuliza kama bomu hula miguu. Mwalimu aliomba ruhusa, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kambini.

Getini askari alimwuliza anatoka wapi.

"Mtaa wa Reli."

Askari akapitisha kidole kwenye karatasi. "Mtaa wa Reli umeteketea wote. Hakuna aliyenusurika."

"Kaka yangu, nimetoka huko sasa hivi."

"Basi una mionzi."

Wakamsimamisha kwenye duara la chaki, wakamvua viatu na kitambaa cha kichwa, wakammwagia ndoo ya maji ya sabuni mbele ya wapita njia. Waliomwagia walimwomba radhi kwa kuwa maji yalikuwa baridi. Mzazi wa mwanafunzi wake mmoja alikuwa akipita, akajifanya hakumwona, na hilo lilimuuma kuliko maji. Aliingia ofisini kwa Meja akichuruzika, gauni limemganda, mikono ameikunja kifuani ajistiri.

Meja alikuwa mtu wa adabu. Alimpa kiti, kisha akakumbuka mionzi, akaomba radhi, akakirudisha. Nyuma yake palitundikwa ramani ya mji. Mstari wa wino mwekundu uliuzingira mji mzima, isipokuwa bwalo la maofisa, ambalo mstari ulilikwepa kwa uangalifu.

"Koplo huyo yuko mahabusu," alisema.

"Kwa kosa gani?"

"Kumuua Jenerali."

"Lakini si alifuata kanuni?"

"Alifuata. Kwa hilo tumempongeza. Kwa lile lingine yuko mahabusu."

"Basi mwacheni atoke kidogo tu, mumlinde mpaka nyumbani, amvue baba yangu kadi. Mzee hali, hanywi. Atakufa."

Meja akatazama karatasi zake. "Hapa inaonyesha amekwisha kufa."

"Meja!"

"Nisikilize, dada yangu. Nakuelewa, na mimi nina mama mzee. Lakini mahabusu hatoki mpaka zoezi lifungwe. Wa kulifunga ni Jenerali, na Jenerali amefariki."

"Si yule pale uani anakula chungwa?"

"Amefariki kiutaratibu."

"Na naibu wake?"

"Naibu hawezi kushika madaraka mpaka marehemu azikwe. Marehemu hataki kuzikwa. Anasema ni kumvunjia heshima."

Mwalimu alijipangusa maji usoni, yakatoka mengine. "Basi nipeni hata kadi ya kijani nimpelekee, nijaribu."

"Za kijani zimeisha. Tulichapa chache." Meja akavua miwani, akaifuta bila sababu. "Wataalamu ndio waliokadiria."

Akampa nyekundu. Mtaa wa Reli wote ulikuwa marehemu, na asingeruhusiwa kutoka kambini bila kadi yake. Tena marehemu, alimweleza, walitokea mlango wa nyuma.

Njia ya mlango wa nyuma ilipita uani. Jenerali alikuwa amekaa peke yake chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, kadi nyekundu inaning'inia juu ya nishani. Askari walipita mbele yake bila kupiga saluti, kwa sababu marehemu hapigiwi saluti, na kila walipopita mkono wake ulianza kuinuka kuitikia, halafu ukarudi pajani. Mwalimu hakukusudia kusimama.

"Wewe wa wapi?" Jenerali akamwuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda bila kuzungumza na mtu.

"Mtaa wa Reli. Baba yangu ndiye aliyekusimamisha barabarani."

Jenerali akaacha kumenya chungwa. "Hajambo?"

Hakuna mtu kambini aliyekuwa amemwuliza hivyo. Mwalimu akaanza kulia, hakujali tena nani anamwona.

"Amefariki, kama wewe. Ila yeye hali."

"Hali kwa nini?"

"Kwa sababu mtu mwenye sare amemwambia amekufa. Yeye anawaamini."

Jenerali akalitazama chungwa mkononi mwake. Maganda yalikuwa yamejaa miguuni pake. "Siwezi kutoa amri," alisema polepole. "Marehemu hatoi amri. Niliiandika mimi mwenyewe hiyo."

"Basi kubali uzikwe," Mwalimu akasema.

Aliisema kwa sauti ya darasani, ile ya kumwambia mtoto mrudishie mwenzako kalamu yake. Halafu akaogopa alichokisema, akatokea mlango wa marehemu upesi upesi, viatu mkononi.

*

Alimkuta mama yake amekaa ukingoni mwa kitanda, akimpangusa mzee midomo kwa kitambaa chenye maji. Hilo mzee alilikubali, kwa kuwa maiti huoshwa. Midomo ilikuwa imepasuka na macho yameingia ndani.

"Nesi," mzee akamwambia binti yake, sauti imekauka. "Mbona umelowa? Nenda kabadilishe, utapata mafua."

Mwalimu akaenda jikoni ili asilie mbele yake. Mama yake akamfuata. Mwalimu akamweleza yote: mahabusu, Meja, kadi za kijani.

"Na zahanati hukupita?" mama akauliza. "Si wangemtundikia hata maji?"

"Nimepita. Wanahudumia majeruhi wa zoezi tu. Nesi mwenyewe wamemfunga bendeji kichwani, hana hata mkwaruzo."

Mama alikuwa amechoka, na alikuwa na hasira ambayo hakujua ampelekee nani. Mumewe asingemaliza siku nyingine bila maji, alilijua hilo vizuri kama alivyojua kupika. Akaitazama kadi shingoni mwa binti yake.

"Nivulie hiyo."

"Ya nini, mama?"

"Baba yako ananiambia niko upande ule. Kutwa kucha nambembeleza kutoka upande ule. Sasa nakwenda upande wake."

Akajivika kadi mwenyewe. Akaiweka sawa mbele ya kioo kidogo cha ukutani, akajifunga kitenge upya, vile anavyofanya mtu akialikwa mahali. Akachukua birika, vikombe viwili, mkate mzima na kisu, akaingia chumbani. Mwalimu akabaki amesimama mlangoni.

Mama akaweka vyombo kwenye kigoda, akapanda kitandani, akalala upande wa ukutani, ambao ndio wake tangu walipooana. Mzee akageuza shingo. Akaiona kadi.

"Mama. Na wewe?"

"Na mimi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Uliumia?"

"Hata kidogo. Ni kama kuvuka barabara."

Mzee akafumba macho, akatikisa kichwa. "Nilitaka ubaki," alisema. "Nilidhani utakaa kaa kidogo, upumzike na kazi yangu."

"Nikae na nani? Na birika?"

Mzee akacheka, kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. Wakalala mabega yamegusana, wakitazama dari lenye alama ya maji ya mvua ambayo mzee aliahidi kuitengeneza tangu binti yao anatambaa.

"Nina njaa," mkewe akasema.

"Marehemu hasikii njaa."

"Umewahi kufa kabla ya hapa?"

"Sijawahi."

"Basi usijifanye mzoefu."

Mkewe akageuka, akajiegemeza kwenye kiwiko, akamtazama karibu.

"Nikuulize kitu. Ulipokuwa umefunga njia, na treni imechelewa, ulikuwa unafanya nini?"

"Nasubiri."

"Unasubiri huku unafanya nini?"

Ilichukua muda. Mtu aliweza kuona jinsi anavyotafuta, anafungua hiki na kukifunga, anafungua kile.

"Nakula," akasema hatimaye. "Kuna mwanamke ananiletea chakula. Anapita nyuma ya banda ili mkaguzi asimwone. Anakaa na mimi mpaka treni ipite."

"Mwanamke gani huyo?"

"Jina limenitoka. Anapenda kula ganda la mkate. La ndani, laini, ananiachia mimi."

Mlangoni Mwalimu alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Alikuwa anavunja kanuni?" mama akauliza.

"Hapana. Alikuwa upande wangu wa bendera. Walio upande mmoja wanaruhusiwa kula."

"Basi kaa."

Akamsaidia kukaa, akamwekea mto mgongoni. Akakata mkate, akatia ganda mdomoni mwake mwenyewe, akalitafuna, na ile sehemu laini akaichovya chai akampa. Mzee akaishika. Hakuila. Alikuwa akimtazama anavyotafuna.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Ni wewe huyo wa banda."

"Kula, mume wangu. Itapoa."

Akala. Alikula taratibu, makombo yakidondokea kwenye kadi, na alipomaliza akanyoosha mkono aongezewe. Chai akainywa kikombe kizima, akashika cha pili, na vidonge vya presha akavimeza bila kuuliza ni vya nini. Mkewe alijishughulisha na birika ili asionekane anavyolia. Mwalimu yeye hakujificha, alikaa chini pale pale kizingitini na gauni lake lililolowa, akalia mpaka akachoka.

*

Jenerali alikubali kuzikwa. Hakueleza kwa nini. Walitafuta jeneza, wakatia kofia yake ndani, bendi ikapiga, na yeye mwenyewe akasimama mstari wa nyuma akitazama, hajui aweke wapi mikono. Naibu akashika madaraka, akalifunga zoezi, na jioni ile ile Baraza la Mawaziri likatangaza kwamba Jenerali amefufuka kwa maslahi ya taifa. Redio ikasema Operesheni Mwavuli imefanikiwa kuliko ilivyotarajiwa. Hasara, ilisema, ni mji mmoja tu.

Koplo alipotolewa mahabusu hakupita bwenini kuoga. Alikwenda moja kwa moja Mtaa wa Reli. Aliwakuta marehemu wawili kibarazani, kadi shingoni, birika katikati yao, kinyozi amekuja kumnyoa mzee ndevu. Kijana akasimama ameshika kofia mkononi.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba." Mzee akamtazama mdomoni, akauona mwanya. "Umechelewa."

"Nilikuwa ndani, mzee."

"Kwa kosa gani?"

"La kufuata amri."

"Hutokea," mzee akasema, akainamisha kichwa.

Koplo akamvua mzee ile kadi. Akasema, "Njia iko wazi, mzee wangu. Nisamehe." Mke wa mzee akammiminia chai, akamkatia mkate mnene kuliko wa mtu mwingine yeyote. Kijana akala amesimama mpaka akaambiwa akae.

Mzee akaingia ndani kunawa sabuni ya ndevu. Alipotoka, yote yalikuwa yamemtoka kichwani: bomu, koplo, kitanda. Macho yakamwangukia mkewe, akaiona kadi nyekundu shingoni mwake, akashika nguzo ya kibaraza.

"Mama! Nani kakuwekea hiyo?"

"Nimejiwekea mwenyewe."

"Basi iondoe mwenyewe. Haraka, unanitisha."

Akaivua, akaikalia. "Haya, nimeshaitoa. Nilikuwa nimekufuata tu."

"Wapi?"

"Ulikwenda mahali, ukakawia."

Mzee akaketi kando yake, akiwa na aibu kidogo, kama mtu aliyewasumbua watu. "Nilikula huko?"

"Ulikula. Tulikula wote."

"Ahsante kwa kunifuata," akasema, na akaushika mkono wake, akauweka gotini pake.

Hapo ndipo honi zikasikika kutoka upande wa juu wa barabara. Msafara wa Jenerali ulikuwa unarudi mjini na pikipiki mbele. Mzee akanyanyuka, akaingia kuchukua bendera. Nyekundu hakuiona, ilikuwa imelala chini ya godoro alikoificha mkewe. Nyuma ya mlango ilisimama ya kijani peke yake. Akaichukua hiyo, akashuka barabarani na kandambili zake, akajipanga kwenye tuta, kifua mbele.

Dereva alimwona kutoka mbali, akapunguza mwendo mwenyewe. Pikipiki zikasita. Msafara mzima ukajikongoja mpaka karibu na tuta, ukangoja, nyuso zimebanwa kwenye vioo. Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, akasikiliza. Kisha akaipunga bendera ya kijani, kwa mkono ulionyooka.

Wakapita mmoja mmoja, polepole, bila honi. Jenerali alikuwa kiti cha nyuma. Alipofika usawa wa mzee akainua mkono, akampigia saluti, na akaushikilia hapo mpaka gari likakata kona.

"Huyo ni nani?" mzee akauliza alipopanda kibarazani.

"Marehemu mmoja," mkewe akasema. "Alizikwa juzi, wamemfufua."

Mzee Bendera akaikunja bendera yake, pembe juu ya pembe. Alilitazama vumbi la msafara mpaka likatulia.

"Maskini," akasema. "Na huko alikokuwa, alipata mtu wa kumpelekea chai?"